UCHAMBUZI: Umemaliza Uzumaki? Mazimwi mengine sita haya hapa

NI saa saba usiku. Chaji ya simu imebaki asilimia tisa, kesho una kipindi cha saa mbili asubuhi, na ndiyo sasa umefika ukurasa wa mwisho wa Uzumaki. Unailaza simu kifudifudi. Unatazama dari. Halafu macho yanaanza kutafuta bila kuambiwa: waya wa chaja uliojikunja mezani, dawa ya mbu inayofuka moshi kwenye kona, na mwishowe vidole vyako mwenyewe. Kila ncha ya kidole ina kimsokoto chake. Umeishi navyo miaka yote hiyo na hujawahi kuviogopa hadi usiku huu.

Kama hayo yamekukuta, tulia. Hujaingiwa na chochote. Umekutana tu na Junji Ito, na sasa unauliza swali ambalo mashabiki wake wengi huuliza wakimaliza: baada ya hii, nisome nini kinachofanana nayo?

Ukiuliza hivyo mitandaoni utapewa orodha ya manga hamsini, majina matupu. Utachagua moja kwa kuvutiwa na jalada, ukute damu inamwagika tangu ukurasa wa pili hadi wa mwisho, uifunge ukiwa umechoka tu. Kuchoka si kuogopa. Ndiyo maana leo sikupi hamsini. Nakupa sita, na nakuomba kwanza ujiulize jambo moja: Uzumaki ilikushika wapi? Jibu lako ndilo litakaloamua usome nini kesho.

Zimwi likujualo

Tumelelewa na methali kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha. Hatari iliyokuzoea huwa na huruma kidogo. Itakubakishia japo mfupa. Ukisoma manga za kutisha za Japani kwa muda utagundua zinaigeuza methali hiyo juu chini. Kule zimwi likujualo ndilo linalokumaliza, kwa sababu linajua unapolala, unampenda nani, na ni mlango gani wa nyumba yenu usiofunga vizuri.

Tazama Uzumaki yenyewe, iliyotoka kwa mfululizo katika jarida la Big Comic Spirits mwaka 1998 na 1999. Mji wa Kurouzu hauna muuaji mwenye kisu. Una umbo tu, ule msokoto unaojizungusha kuingia ndani kama gamba la konokono. Babake Shuichi anaanza kwa kuchutama kichochoroni akimtazama konokono ukutani. Kisha anakusanya kila kitu chenye umbo hilo. Kisha... basi, we umeshaisoma, unajua alivyoishia. Baada yake msokoto unaingia kwenye nywele za wasichana, kwenye vyombo anavyofinyanga babake Kirie, kwenye moshi wa maiti zinazochomwa, hadi kwenye nyumba. Karibu kila kinachowaangamiza kilikuwapo jana na juzi, nao walikuwa wakikipita wakienda shule.

Ito alizaliwa mwaka 1963 katika mkoa wa Gifu, na kabla ya kuishi kwa kalamu alifanya kazi ya kutengeneza meno bandia. Ukishajua hilo, huwezi tena kuitazama midomo anayoichora kwa amani. Tomie, hadithi iliyomtoa, ilitokea mwaka 1987 katika jarida la Monthly Halloween, na amewahi kueleza chimbuko lake: alipokuwa shuleni, mwanafunzi mwenzake alikufa kwa ajali, na Ito akawa anahisi kwamba kijana yule angeingia tu darasani siku moja kama kawaida. Ndivyo anavyofanya Tomie. Anauawa, anaombolezwa, halafu siku moja mlango wa darasa unafunguliwa na ni yeye.

Hofu ya aina hii haiko kwenye vitabu peke yake. Mwaka 1979 watoto wa shule nchini Japani walishikwa na woga wa mwanamke aliyefunika mdomo kwa barakoa, anayemsimamisha mtoto njiani na kumuuliza kama anamwona mrembo. Akiivua barakoa, mdomo umechanwa hadi masikioni. Uvumi huo unasemekana ulianzia Gifu, mkoa huohuo wa Ito, naye wakati huo alikuwa tineja. Linganisha na yule mwanamke mrembo wa Mombasa tunayesimuliwa, anayeomba lifti usiku, na ukitazama chini unaona kwato. Ni mtego uleule. Unavutiwa kwanza, ndipo unaangalia vizuri.

Kwa hiyo tuchague mazimwi yetu kwa kuuliza: ni kitu gani ulichokuwa ukikiamini ambacho uko tayari kukiona kikigeuka?

Kama unaamini shule na watu wazima: The Drifting Classroom

Anza na aliyemfungulia Ito njia. Kazuo Umezu alifariki tarehe 28 Oktoba 2024 akiwa na umri wa miaka 88, siku chache baada ya anime ya Uzumaki kumaliza kuonyeshwa. Ito alianza kusoma kazi za Umezu akiwa mtoto mdogo kwa sababu dada zake walikuwa wakizisoma, na Tomie ilipomtambulisha kwa watu ilikuwa kupitia tuzo iliyobeba jina la Umezu. Ukitaka kujua mto huu ulianzia wapi, panda hadi huku.

The Drifting Classroom ilitoka kati ya 1972 na 1974. Asubuhi moja Sho, mvulana wa darasa la sita, anagombana na mamake na kuondoka nyumbani kwa hasira. Muda mfupi baadaye shule nzima inatoweka pamoja na watu zaidi ya 800 waliokuwamo. Nje ya geti hakuna mtaa tena, ni jangwa. Na wanaovunjika wa kwanza ni watu wazima. Walimu wanarukwa na akili. Mwanamume aliyekuwa akileta chakula shuleni, mpole wa jana, anaishikilia stoo na kuwageukia watoto. Wanafunzi wanabaki wajiundie serikali, wahesabu chakula na kuzika wenzao.

Utasema michoro ni ya kizamani, na ni kweli: macho makubwa, vinywa wazi vikipiga mayowe karibu kila ukurasa. Vumilia juzuu mbili. Hatimaye utajua lile jangwa ni wapi. Ni kesho ya nchi yao wenyewe, baada ya binadamu kuimaliza. Umezu aliichora wakati Japani ikihesabu gharama ya viwanda vyake. Ugonjwa wa Minamata, uliotokana na zebaki iliyomwagwa baharini na kiwanda, ulitambuliwa rasmi mwaka 1956, na serikali ikakiri chanzo chake mwaka 1968. Kufikia hapo kulikuwa na watoto waliozaliwa wakiwa tayari wameathiriwa na sumu hiyo tumboni mwa mama zao. Soma ukilikumbuka hilo, halafu uniambie kama mayowe yale yamezidi.

Sisi ambao kila mkutano wa hadhara tunaambiwa ni viongozi wa kesho tuna sababu zetu za kuisoma. Kitabu hiki kinauliza ni kesho gani hiyo tunayoachiwa, na nani atakuwa amekula stoo kabla hatujafika.

Kama unaamini mwili wako: Parasyte

Ikiwa katika Uzumaki kilichokukosesha raha ni miili inayopinda na kugeuka konokono, nenda kwa Hitoshi Iwaaki. Parasyte ilimshindia tuzo ya manga ya Kodansha mwaka 1993, na wengi wetu tuliifahamu kupitia anime ya 2014 au ile filamu ya vipindi ya Korea Kusini iliyoingia Netflix mwaka 2024. Manga yenyewe ni bora kuliko zote mbili.

Viumbe kama minyoo vinaingia katika miili ya watu usiku na kuteka vichwa. Kinachomfuata Shinichi, mwanafunzi wa sekondari, kinakosa njia na kuishia kwenye mkono wake wa kulia. Sasa mkono una macho, una mdomo, una akili kumliko, na unasoma vitabu vyake. Anauita Migi, yaani kulia. Huko nje, vile vilivyofaulu vinatembea kwa sura za majirani na kula watu.

Mapigano ni moto, sikatai. Lakini noma yenyewe iko kwingine. Kuna siku Shinichi anapata jeraha ambalo haliponi bila msaada wa Migi, na tangu hapo anakuwa na nguvu zaidi, mbio zaidi, utulivu zaidi. Halafu anagundua kwamba hawezi kulia. Anasimama mbele ya jambo ambalo lingemwangusha mtu yeyote, na machozi hayaji. Wasichana wanaanza kumwona shujaa huku yeye akijiuliza kama bado yumo. Kijana yeyote aliyewahi kuambiwa ajikaze, mwanamume halii, atajiona hapo kwa namna asiyoitarajia.

Kama unaamini wema: Monster

Hapa hakuna jini wala kiumbe. Naoki Urasawa aliiandika Monster kuanzia 1994 hadi 2001, na inafanyika Ujerumani. Mwaka 1986, mjini Düsseldorf, daktari bingwa Kenzo Tenma anaagizwa na wakubwa wa hospitali aache kumpasua mtoto aliyepigwa risasi kichwani ili akamhudumie meya. Tenma ana kinyongo: siku chache zilizopita alitii amri kama hiyo na mfanyakazi wa kawaida akafa. Safari hii anakataa. Anamwokoa mtoto.

Miaka inapita. Mtoto yule, Johan, amekua, ni mpole, ni msomi, na popote anapopita watu wanakufa. Tenma anaacha kila kitu na kumfuata ili amalize alichokianza. Juzuu ni 18, kwa hiyo usianze wiki ya mtihani. Kinachosumbua ni kwamba Tenma hakukosea. Ukirudi nyuma mara mia bado ungemtaka amwokoe mtoto. Ila sasa unajua bei. Na ukifika kwenye ile nyumba ya watoto yatima ya Ujerumani Mashariki, utaanza kuuliza ni nani hasa aliyestahili jina la kitabu.

Kama unaamini mama: Blood on the Tracks

Hii nitaieleza polepole, maana katika zote sita ndiyo ninayosita kumpa mtu.

Shuzo Oshimi aliichora kuanzia 2017 hadi 2023, juzuu 17, akaiweka katika mkoa wa Gunma alikozaliwa. Seiichi ni mvulana wa shule ya upili ya chini. Mamake, Seiko, ni mrembo, mpole, anamjali kupita kiasi hadi jamaa wanamtania. Familia inakwea mlima siku moja pamoja na mashangazi na binamu. Juzuu ya kwanza inaishia na tendo moja la sekunde chache, na Seiichi pekee ndiye aliyeliona.

Baada ya hapo karibu hakuna damu. Kuna meza ya kifungua kinywa, mama anayeuliza unataka kula nini leo, na uso wa mama. Oshimi anaweza kukupa kurasa nne mfululizo bila neno, uso tu, ukibadilika kidogo kidogo, na wewe unausoma kama mtoto anavyousoma uso wa mzazi kabla ya kujua kama leo ni siku nzuri au mbaya. Anayejua ninachosema anajua.

Nilimwazima rafiki yangu wa chuo juzuu ya kwanza. Tulikuwa tumesoma Ito pamoja, tukicheka na kutishana, na nilidhani nampa raha nyingine. Alinirudishia baada ya siku mbili, akasema hataendelea. Sikumuuliza. Wiki kadhaa baadaye, tukiwa kwenye foleni ya matatu jioni, mvua ikinyesha, alianza tu kunisimulia kuhusu nyumbani kwao. Alisema alikuwa akidhani ni yeye peke yake, kwamba mama anaweza kukupenda na bado ukamwogopa. Alisema hakuwahi kupata pa kuanzia hadi alipoona ule uso umechorwa.

Tangu siku hiyo nimeacha kuziona manga hizi kama mchezo wa kupima nani ana moyo mgumu. Manga nyingine inakukuta na kitu ulichokuwa nacho tayari, ikakipa umbo. Ndiyo maana ukimpa mtu kitabu kama hiki, usimtupie tu. Kuwa karibu.

Kama unaamini rafiki: The Summer Hikaru Died

Hii ni ya juzi. Mokumokuren alianza kuichora mwaka 2021, na anime yake ikaingia Netflix Julai 2025. Hata jina lake la kalamu ni la zimwi: katika ngano za Japani, mokumokuren ni macho yanayotokea kwenye karatasi zilizochanika za milango ya nyumba kuukuu.

Yoshiki na Hikaru wamekua pamoja katika kijiji cha milimani ambako kila mtu anamjua kila mtu. Hikaru alipotea mlimani, akarudi baada ya wiki. Miezi inapita, na jioni moja, wakila aiskrimu nje ya duka, Yoshiki anamwambia kile alichokuwa akikijua kimoyomoyo: wewe si Hikaru. Naye hakatai. Anachoomba ni asimwambie mtu. Na Yoshiki, aliyeshindwa kumzika rafiki yake, anakubali kukaa na kitu chenye sauti yake, kumbukumbu zake na kicheko chake.

Ni hadithi ya kutisha, naam, kelele za wadudu wa kiangazi zimechorwa hadi zinakaribia kukuziba masikio. Lakini ni hadithi ya msiba kwanza. Aliyefiwa na rafiki kisha akaendelea kupiga namba yake ili asikie ule ujumbe wa sauti ataelewa kwa nini Yoshiki hakukimbia.

Kama unaamini chumba chako: Fuan no Tane

Hii ya mwisho ni kwa wale ambao hawana muda. Masaaki Nakayama anachora visa vya kurasa chache mno. Mtu anarudi nyumbani. Kuna kitu dirishani. Kisa kimekwisha. Hakuna maelezo, hakuna mganga wa kuja kufafanua, hakuna mkosaji anayeadhibiwa. Jina lenyewe maana yake ni mbegu za wasiwasi, na ndivyo zinavyofanya kazi: unasoma vitatu kwenye matatu, unacheka, halafu saa tano usiku unaenda msalani na kimoja kinaota.

Ukiipenda, endelea na PTSD Radio ya mchoraji huyohuyo. Hiyo ni vipande vipande kama redio inayotafuta stesheni, na polepole unagundua kwamba vipande vinahusiana na kwamba nywele zina jambo. Usitarajie jibu mwishoni.

Soma kwa kurasa, usiteleze

Sasa ushauri wa kiufundi ambao wengi hawapewi. Manga inasomwa kutoka kulia kwenda kushoto, na wachoraji wa hofu wanategemea sana kufunuliwa kwa ukurasa. Ito hukuonyesha msichana akigeuka, macho yakitoka, mdomo ukifunguka. Alichokiona kiko nyuma ya karatasi. Ni lazima ukifunue kwa mkono wako mwenyewe, na ile nusu sekunde ya kusita ndiyo hofu yenyewe.

Ukisoma kwa kuteleza chini kwenye simu kama unayeperuza video, zimwi linachungulia kutoka chini ya skrini kabla ya wakati wake na kila kitu kinaharibika. Kwa hiyo nenda kwenye mipangilio ya programu yako, chagua kusoma ukurasa kwa ukurasa, kulia kwenda kushoto. Ongeza mwanga uone mistari. Ito huchora mistari mingi mno, na kwenye picha hafifu inageuka kuwa ukungu.

Hili pia linaeleza kwa nini anime nyingi za Ito huwavunja moyo mashabiki wake. Ile ya Uzumaki ilitangazwa 2019, ikacheleweshwa mara kadhaa, na hatimaye kipindi cha kwanza kikaonyeshwa tarehe 28 Septemba 2024. Vipindi vinne tu, vya rangi nyeusi na nyeupe. Cha kwanza kilisifiwa sana. Cha pili kilipotoka, malalamiko kuhusu kushuka kwa ubora wa michoro yakajaa mitandaoni. Lakini hata bila tatizo hilo, kwenye anime saa imeshikwa na mwongozaji. Picha inakuja ukiwa tayari au hujawa tayari, kisha inaondoka. Kwenye manga, wewe ndiye uliyefunua, na picha inabaki pale ikikutazama mpaka uamue kuondoka. Ndiyo maana nasema: anime iwe mlango, lakini usiishie mlangoni.

Kabla hujafungua

Kuna mambo matatu ya kuambiana ukweli.

Kwanza, umri. Kwenye orodha za mitandaoni utakutana na majina ya Suehiro Maruo na Hideshi Hino. Maruo ni fundi mkubwa. Marekebisho yake ya riwaya ya Edogawa Rampo kuhusu kisiwa cha Panorama yalimpa tuzo ya Tezuka Osamu mwaka 2009. Lakini kazi zake nyingi huchanganya ngono na ukatili waziwazi, na baadhi zinawahusu watoto. Hazifai chini ya miaka 18, na wengi wenye miaka 40 pia watazifunga. Panorama of Hell ya Hino nayo ni bahari ya damu kutoka kwa mtu aliyezaliwa Manchuria mwaka 1946, katika vumbi la vita. Ina thamani yake, ila si ya kumkabidhi mdogo wako wa darasa la saba.

Pili, hali yako. Kama wiki hii hulali, kama umefiwa juzi, kama nyumbani kunawaka moto, Oshimi na Mokumokuren wanaweza kungoja. Vitabu havikimbii. Na ukianza kisha uone kinakugusa pabaya, kifunge. Huo si uoga. Mwambie mtu unayemwamini kilichokugusa.

Tatu, wazazi. Wengine wakiona tu jalada watasema ni ushetani. Usibishane, waulize hadithi walizosimuliwa wao. Nani hakusikia ya zimwi aliyemeza watoto wa kijiji kizima? Wajapani nao walikuwa na mchezo wa zamani wa kuwasha mishumaa mia moja usiku na kuzima mmoja kila hadithi moja ya kutisha ikiisha, hadi giza litawale. Mababu zetu walikuwa na moto wa kuni na paukwa, pakawa. Nia ilikuwa moja: kukaa pamoja, kuogopa pamoja, na kuamka asubuhi mkiwa bado mko.

Kuhusu pa kusomea: epuka tovuti za wizi pale unapoweza, kwani mchoraji hapati hata shilingi. Programu ya Manga Plus ya kampuni ya Shueisha, iliyozinduliwa Januari 2019, huwezesha kusoma bure sura za mwanzo na za karibuni za manga zake kadhaa kwa Kiingereza, Kihispania, Kifaransa, Kiindonesia, Kithai na lugha nyingine. Hizi sita zetu ni za wachapishaji wengine, kwa hiyo utalazimika kununua nakala, kuchanga na wenzako au kuazimana. Na umeona lugha gani haimo. Kiswahili hakimo. Tuna zimwi, jini, kizuka, pepo, mzuka na mwanga, maneno tele ya kumtaja anayekuja usiku, na bado tunaogopa kwa Kiingereza. Kama unasomea tafsiri, au unachora pembeni mwa daftari, hapo pana kazi inayokusubiri.

Basi chagua. Ukiuliza mimi, anza na Fuan no Tane usiku mmoja, uende Parasyte, kisha Hikaru, halafu Umezu. Monster iweke likizo ndefu. Ile ya mama iwe ya mwisho, na usiisome peke yako.

Juzuu ya pili ya kwangu bado iko kwenye rafu. Rafiki yangu hajaiomba, nami sijampa. Tukikutana siku hizi tunazungumza kuhusu mambo mengine, na mara mojamoja kuhusu hilo.